Kwa Mkapa, Siku Isiyo na Mechi

Akina mama mliokaa ukumbini mnachambua mchele, vijana mliorudi kuvua kamba na nyavu bado mabegani, na wewe nahodha uliyetia nanga Nyamisati unasubiri maji yajae, nyote karibuni. Sogezeni redio karibu. Kama betri imechoka, itoeni, isugueni kidogo, irudisheni. Mazungumzo yetu ya leo si marefu sana.

Leo nataka tuzungumze juu ya viwanja vikubwa vya mpira vya Dar es Salaam. Uwanja wa Mkapa, Uwanja wa Uhuru, na jamaa zake.

Hapo hapo namsikia mzee mmoja wa Mbwera, huku delta ya Rufiji, anaguna. Anasema, sisi na viwanja vya Dar wapi na wapi? Sisi huku tumezungukwa na mikoko, tuna mpunga wetu, minazi yetu na mito yetu. Uwanja wa watu elfu sitini unatuhusu nini?

Swali zuri, mzee wangu. Nitalijibu. Ila nipe nafasi nianze na njia.

Kijana wa Mbwera akitaka kuwaona Simba na Yanga kwa macho yake mwenyewe, haanzi kwa kutazama ratiba ya ligi. Anaanza na ratiba ya maji. Maji yakipwa, mito ya delta inabaki tope tupu na boti inalala ubavu. Yakijaa, ndipo anapita katikati ya mikoko mpaka atokee Nyamisati. Nyamisati anapanda gari hadi Bungu. Bungu anaishika lami ya Barabara ya Kilwa: Jaribu, Kimanzichana, Mkuranga, Vikindu, Kongowe, mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kutoka hapo ni Zakhem, Mtongani, kwa Azizi Ali, na uwanja hauko mbali tena. Tiketi ya mzunguko, yaani ile ya bei ya chini kabisa, ndiyo pesa ndogo kuliko zote alizotumia. Boti, gari, kula, kulala mjini kwa shemeji ambaye naye hakutarajia ugeni, hizo ndizo zinazommaliza.

Na kuna jambo la kufurahisha hapa. Watu hudhani viwanja vya Dar viko mbali nasi, huko kwa wakubwa, Masaki na Oysterbay. Sivyo. Mkapa uko Temeke. Uhuru uko Temeke, ubavuni mwa Mkapa. Na ule wa Azam, Chamazi, uko Temeke hiyo hiyo, nyuma ya Mbagala. Vyote vitatu viko upande wa jiji tunaoingilia sisi watu wa kusini. Mtu wa Bunju au Kibamba ana foleni ndefu kuliko yako wewe uliyekwisha kufika Rangi Tatu.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu hatujaingia. Na bado tunavijua viwanja vile nje ndani. Tumevijulia wapi?

Redioni. Wazee mnakumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam. Mnamkumbuka Ahmed Jongo. Mnamkumbuka Charles Hilary, aliyetutoka mwezi Mei mwaka 2025, Mungu amrehemu. Watangazaji wale walikuwa wanakutajia mpira uko upande gani, goli la kusini au la kaskazini, jukwaa kuu limejaa au bado, jua linampiga kipa machoni, na wewe umekaa chini ya mnazi unaona kila kitu. Novemba 1993, Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, walikuwa wametoka sare bila kufungana kule Ivory Coast. Nchi nzima ikajua kombe limekwisha kuja. Rais Mwinyi mwenyewe alikuwa uwanjani. Tukafungwa mbili bila, nyumbani. Kuna watu huku delta ambao hawajawahi kuvuka Kongowe, lakini ukiwauliza jioni ile watakueleza kimya cha uwanja kilivyokuwa, maana walikisikia.

Siku hizi ni kibanda umiza. Mnakijua, banda la makuti, viti vya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, sola juu ya paa na betri ya gari chini ya meza. Watoto wanakaa mbele chini kwenye mkeka, watu wazima nyuma, na mlangoni kuna mtu na kikopo cha hela. Dakika ya themanini, mabao mbili mbili, betri inaanza kulia. Fundi anakimbia kuzima taa na feni ili picha ibaki. Joto lile! Na hakuna anayetoka. Kama ule usemi wa mashabiki wenyewe: kwa Mkapa hatoki mtu. Na kibandani pia hatoki mtu.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Uwanja ule ni wako. Ni mali ya serikali, na serikali iliujenga kwa kodi. Kodi iko kwenye sabuni unayonunua, kwenye vocha unayokwangua, kwenye mafuta ya injini ya boti. Na kama ni wako, una haki ya kuuliza habari zake. Na mimi naona tumekuwa tukiuliza swali ambalo si lenyewe. Tunauliza, unachukua watu wangapi? Umegharimu kiasi gani? Nani aliujenga? Hayo ni maswali ya siku ya ufunguzi. Swali lenyewe ni jingine: nani anautunza, na anautunza lini?

Maana uwanja hutunzwa siku isiyo na mechi. Nitalirudia hili, mnisamehe. Uwanja hutunzwa siku isiyo na mechi.

Turudi nyuma kidogo tuone tulikotoka.

Uwanja wa Uhuru ndio mkongwe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ilishushwa pale na ya kwetu ikapandishwa. Kwa hiyo pale pana historia kubwa kuliko mpira. Kwa miaka mingi ndio ulikuwa Uwanja wa Taifa, na mashabiki kwa utani wakauita Shamba la Bibi. Ukipita leo utauona, mdogo, mnyenyekevu, umekaa pembeni ya jirani yake mkubwa.

Jirani huyo alianza kujengwa mwaka 2005, Rais akiwa Benjamin Mkapa, kwa fedha zetu na msaada wa China. Wajenzi walikuwa kampuni ya Beijing Construction Engineering. Mwaka 2007 mpira ukaanza kuchezwa. Nafasi 60,000, zote za viti, si zile za kusimama au kukalia zege. Februari 2009 Rais wa China, Hu Jintao, alikuja ukakabidhiwa rasmi, Rais Kikwete akiupokea. Na tarehe 7 Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, Brazil wakaja kucheza na Taifa Stars pale. Brazil! Walitufunga tano kwa moja, na mpaka leo watu wanalisimulia lile moja kuliko yale matano.

Jina la Mkapa lilikuja baadaye. Mzee alifariki Julai 2020, na kwenye hafla ya kitaifa ya kumuaga iliyofanyika pale pale Uhuru, Rais Magufuli akatangaza kuwa uwanja mkubwa utaitwa kwa jina lake. Sisi watu wa Rufiji tulikuwa na Mkapa wetu tayari tangu 2003, lile daraja la Mto Rufiji baada ya Ikwiriri. Wanaokumbuka kivuko cha Ndundu, foleni ya malori siku tatu nne, mvua inanyesha na mto umefurika, hao wanajua mzee yule alitufanyia nini. Kwa hiyo Dar wana uwanja, sisi tuna daraja. Mimi ukiniambia nichague kimoja, nachagua daraja. Lakini hilo ni langu.

Haya. Sasa tuingie kwenye nyasi.

Mwaka 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Fainali ya pili ya bara katika historia yao, miaka zaidi ya thelathini baada ya ile ya Stella. Mpinzani, RS Berkane ya Morocco. Mechi ya kwanza kule kwao Mei 17, Simba wakafungwa mbili bila. Marudiano Mei 25, nyumbani. Na nyumbani ni wapi? Ungetegemea kwa Mkapa, watu elfu sitini, yule Mmorocco apigiwe kelele mpaka asisikie filimbi. Lakini mechi haikuchezwa pale. Wakubwa wa mpira wa Afrika, CAF, waliuona uwanja, wakaona sehemu ya kuchezea haifai, mvua za masika zimeuharibu, wakaihamishia Zanzibar, uwanja wa Amaan. Hata nusu fainali na Stellenbosch ya Afrika Kusini ilikuwa imechezwa huko huko.

Amaan ni uwanja mzuri. Ulikarabatiwa ukafunguliwa upya mwishoni mwa 2023, unapendeza. Na sisi wa delta hatuna ugomvi na Unguja. Babu zetu walipeleka boriti za mikoko huko kwa majahazi, na nyumba nyingi za mawe za Unguja mpaka Ghuba zimebebwa na miti ya Rufiji. Lakini Amaan haufikii hata theluthi ya Mkapa kwa ukubwa. Mechi ikaisha moja moja, kombe likaenda Morocco. Sisemi kuwa nyasi ndizo zilizowafunga Simba. Mabao mawili kati ya matatu ya Berkane yalifungwa kule kule Morocco. Ninachosema ni kwamba nchi iliyojenga uwanja wa watu elfu sitini, siku ya fainali ilikosa pa kuchezea kwenye uwanja huo. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya majani.

Sasa majani yanaharibikaje? Hapa nataka tuelewane, maana wengi wanadhani nyasi za uwanja ni nyasi tu, mvua inanyesha zinaota.

Sehemu ya kuchezea ya uwanja mkubwa imepangwa kwa tabaka. Juu nyasi, chini yake mchanga uliochaguliwa, chini yake kokoto, na katikati ya hizo mabomba yenye matundu ya kupeleka maji nje. Mvua ikinyesha, maji yanatakiwa yashuke yenyewe ndani ya muda mfupi. Yakituama, ujue mabomba yameziba au mchanga umeshindiliwa na miguu ya watu mpaka umekuwa kama sakafu. Mchezaji akikimbia juu ya udongo uliolowa, viatu vyake vinang'oa mzizi, si jani peke yake. Jani linarudi ndani ya siku chache. Mzizi unataka wiki, na unataka wiki hizo bila kukanyagwa.

Na kwa Mkapa wiki hizo zinatoka wapi? Hesabuni wenyewe wapangaji wa nyumba ile. Simba wapo. Yanga wapo. Timu ya Taifa ipo. Simba na Yanga wana ligi, wana mashindano ya Afrika. Msimu ukianza kuna Simba Day, kuna Wiki ya Mwananchi ya Yanga, uwanja mzima umejaa muziki na majukwaa. Halafu mikutano, halafu sherehe. Azam walijenga cha kwao Chamazi wakajiondoa kwenye foleni. Yanga na Simba, vilabu vya miaka ya thelathini, 1935 na 1936, vyenye mamilioni ya wapenzi, mpaka leo havijajenga uwanja wao wa mechi kubwa. Wamekaa kwa serikali. Sasa nyasi zipumzike lini?

Nyinyi watu wa Mbwera hili hamhitaji kufundishwa na mtu wa redio. Chombo mnakitengeneza lini? Kikiwa baharini kinakwenda kwa tanga, au kikiwa kimepandishwa pwani? Kinapandishwa, kinakwanguliwa, kinatiwa kalafati, kinapakwa shahamu, na siku hizo zote mwenye chombo hapati hata senti. Anayekataa kupandisha chombo kwa sababu leo kuna mzigo na kesho kuna mzigo, mnajua mwisho wake ataogelea.

Ndiyo hayo hayo. Uwanja hutunzwa siku isiyo na mechi. Siku ambayo hakuna kiingilio, hakuna kamera, hakuna waziri. Kuna mtu mmoja na mashine ya kukata majani, mwingine na mpira wa maji, na mhandisi anafungua mifuniko anatazama mabomba. Hao ndio wanaoamua kama fainali itachezwa.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Serikali iliufanyia uwanja ukarabati mkubwa, viti, vyumba vya wachezaji, taa, na nyasi, na tarehe 2 Agosti 2025 mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, yalifunguliwa pale. Taifa Stars wakawafunga Burkina Faso mbili bila, Abdul Sopu kwa penalti na Mohammed Hussein Tshabalala kwa kichwa. Tukafika robo fainali, Morocco wakatutoa kwa bao moja, pale pale, Agosti 22. Uwanja ulikuwa unang'aa. Kwa hiyo kukarabati tunaweza. Wasiwasi wangu ni kwamba tunasubiri wageni waje ndipo tufagie.

Jambo la pili, wasikilizaji, na hili ndilo nililolileta hasa jioni hii. Milango.

Ukiniuliza kitu cha hatari kuliko vyote kwenye uwanja mkubwa ni nini, sitakwambia mashabiki wa upande wa pili. Nitakwambia mlango. Mlango mwembamba, uliofunguliwa kwa kuchelewa, na watu wengi nyuma yake.

Nitawapa mifano mitatu, na naitoa kwa heshima, maana kila mmoja una ndugu waliofiwa.

Machi 21, 2021, Uwanja wa Uhuru. Watu walikuwa wanakwenda kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Hawakwenda kwa fujo, walikwenda kwa majonzi. Wengi wakataka kuingia kwa wakati mmoja. Polisi walitangaza baadaye kuwa watu 45 walipoteza maisha.

Januari 24, 2022, Yaoundé, Cameroon, uwanja mpya kabisa wa Olembé. Cameroon walikuwa wanacheza na ndugu zetu wa Comoro katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Watu wanane walifia mlangoni. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema lango lile lilitakiwa liwe wazi, na lilikuwa limefungwa.

Mei 28, 2023, kwa Mkapa. Yanga na USM Alger, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho. Msongamano ukatokea kwenye kuingia, mtu mmoja akafariki, wengine wengi wakaumia.

Mnaona? Uwanja mkongwe, uwanja mpya, nchi mbili tofauti, msiba na mpira. Kilichofanana ni kile cha mlangoni.

Sasa sikilizeni jinsi inavyotokea, maana watu husema "walikanyagana", na mara nyingi sivyo. Aliye mbele ameshafika kwenye lango, limefungwa, hana pa kwenda. Aliye nyuma kabisa, mita hamsini huko, haoni lango. Anasikia kelele za ndani, anadhani mpira umeanza, anasukuma kidogo tu. Kidogo chake, na cha mwenzake, na cha mwenzake, kikifika mbele kimekuwa uzito wa gari. Aliye mbele haanguki. Amesimama wima. Kifua chake kimebanwa hawezi kuvuta pumzi. Watu hufa wamesimama, na aliyewaua yuko nyuma anaimba nyimbo za timu, hajui lolote.

Kwa hiyo mwanangu wa Mbwera utakayekwenda kwa Mkapa, nisikilize kama unavyomsikiliza mzazi wako. Tiketi inunue mapema, usiikute kwa mlanguzi getini. Siku hizi ni kadi, ile N-Card, unaigusisha kwenye mashine, na kadi isiyo na tiketi ndani haifungui mlango hata ukiapa. Fika mapema, saa nyingi kabla. Umevuka maji na nchi kavu kutwa nzima, usije ukaharibu mambo kwa nusu saa ya mwisho. Ukikuta lango limejaa watu na halisogei, rudi nyuma. Rudi! Tafuta kivuli, nunua machungwa, ngoja. Bao la kwanza utalisikia, la pili utaliona. Na ukijikuta tayari umo katikati ya msongamano, inua mikono yako uikunje mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kupumua. Usishindane na wimbi, nenda nalo huku ukijivuta pembeni kidogo kidogo. Kandambili ikivuka, iache. Simu ikianguka, iache. Usiiname.

Haya ni ya kwako. Ya wenye uwanja ni kufungua milango yote mapema, kuweka watu wa kukagua wa kutosha, na kutouza tiketi kuliko viti. Na mambo hayo hayapangwi saa nane mchana siku ya dabi. Yanapangwa siku isiyo na mechi.

Ya viti na vyoo nitapita haraka. Kuna mashabiki wakifungwa wanang'oa viti wanavirusha. Kiti kile ni cha kodi ya mafuta ya boti, tulikubaliana hapo mwanzo. Tuache. Na vyoo, nawaomba akina dada mnisamehe, mimi sijaona sababu kwa nini mwanamke anayelipa tiketi sawasawa na mwanaume apange foleni mara tatu ya yake. Tuendelee.

Tarehe 27 Septemba 2023, CAF walizipa Tanzania, Kenya na Uganda nafasi ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Pamoja, ndivyo nchi hizo zilivyoliita ombi lao. Ndiyo maana mnasikia viwanja vinajengwa kila upande. Arusha, uwanja wa watu elfu thelathini uliopewa jina la Rais Samia. Nairobi, Talanta, wa elfu sitini, ndugu mdogo wa Kasarani uliojengwa kwa michezo ya Afrika ya 1987. Uganda wana Hoima, kule kwenye mafuta. Nafurahi. Nani asiyefurahi? Lakini kila ninapoona picha ya uwanja mpya, nauliza lile lile: mwaka 2028, wageni wakishaondoka, nani atacheza hapo?

Kuna mji mmoja Brazil unaitwa Manaus. Uko ndani kabisa ya msitu wa Amazon, kwenye mto mkubwa, watu wanasafiri kwa boti kama nyinyi. Kombe la Dunia la 2014 walijengewa uwanja wa watu zaidi ya elfu arobaini. Zikachezwa mechi nne. Nne! Uingereza na Italia walicheza pale. Baada ya hapo wageni wakaondoka, na Manaus haikuwa na timu ya ligi kuu ya Brazil ya kuujaza. Umeme ukabaki kulipiwa, majani yakabaki kukatwa. Arusha si Manaus, ina watalii, ina watu, na uwanja unaweza kubeba mambo mengine. Ila mpango wa baada ya kombe uandikwe sasa, usiachiwe kamati itakayoundwa baadaye.

Na huku kwetu je? Kiwanja chetu mnakijua, mchanga, minazi pembeni, magoli ya miti ya mikoko na wavu ni jarife lililochakaa. Mashindano ni ya mbuzi. Timu mbili zinagombania mbuzi mmoja, na mbuzi mwenyewe amefungwa kwenye mnazi anatazama mechi. Sisemi tujengewe kwa Mkapa Mbwera. Nani ataujaza? Lakini yule winga wa Mbwera anayewapiga watu chenga kwenye mchanga, peku, lazima kuwe na kiwanja Kibiti mjini chenye nyasi, chenye choo, chenye mtu wa kukitunza, ambapo wa Mkuranga na wa Ikwiriri watakuja kumwona. Kiwanja cha namna hiyo kinagharimu chembe tu ya uwanja mkubwa, na ndicho kinachozaa watu wa kucheza kwenye huo mkubwa.

Muda wangu unakwisha, naoneshwa kidole hapa na fundi mitambo.

Nina ombi moja. Kwenye kila mechi inayochezwa kwa Mkapa, mapato ya mlangoni hugawanywa, na kuna fungu linalokwenda kwa uwanja. Wawakilishi wetu wanakuja huku, na wakija tunawauliza habari za barabara ya Nyamisati, za dawa zahanati, na tunafanya vizuri. Safari ijayo ongezeni moja. Mbunge akimaliza kuhutubia, anyanyuke mtu mmoja wa Mbwera, mwanamke au mwanaume, aseme: mheshimiwa, lile fungu la uwanja, ni shilingi ngapi zinarudi kwenye nyasi na milango, na nani anakagua? Akaliulize Bungeni, jibu lisomwe, liandikwe. Na akirudi na jibu, nileteeni hapa redioni, nitalisoma neno kwa neno.